Dawa Inayongoja Uchachu

Mgonjwa wa kifua kikuu nchini Tanzania, katika miezi 2 ya mwanzo ya matibabu, humeza kidonge chenye dawa 4 kwa pamoja. Tatu kati yake hazina maajabu. Zitie kwenye chupa ya maabara yenye bakteria wa TB, nazo zitawaua au zitawazuia wasizaliane, kama inavyotarajiwa kwa dawa yoyote. Ya nne inaitwa pirazinamidi. Ukiitia hiyo kwenye chupa ya kawaida haifanyi kitu. Bakteria wanaendelea kuongezeka kana kwamba umewamiminia maji. Ilibidi mtu apate wazo la kuuchachusha ule mchuzi wanamooteshwa ndipo dawa ikaamka.

Ni dawa bubu, basi, inayopata sauti pale tu inapokutana na tindikali. Ndani ya pafu la binadamu, nani anaiandalia hiyo tindikali? Kwa sehemu kubwa ni seli za kinga za mgonjwa mwenyewe. Na waliouonyesha ulimwengu thamani ya jambo hilo kwa miili yao walikuwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sijaona sanamu yao popote, wala mtaa ulioitwa kwa jina lao.

Ili kuona walichotupatia, chukua ramani utafute Rungwa. Iko kusini mwa mkoa wa Singida, katika halmashauri ya Itigi, kwenye miombo ya Wakimbu, nchi ya nyuki na asali. Barabara inayotoka Mkiwa, ikapita Itigi na Rungwa hadi Makongolosi wilayani Chunya, ina zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa yake kwa miaka mingi imekuwa ya udongo. Upande wa mashariki ni pori la akiba linaloitwa kwa jina la mahali penyewe. Wajerumani walilitenga eneo hilo mwaka 1910 kama Hifadhi ya Saba, Waingereza wakalibadilisha jina kuwa Rungwa mwaka 1946, na mwaka 1964 sehemu yake ya kusini ikakatwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Sasa fikiria mtu wa huko aliyekutwa na TB mwaka 1965. Matibabu yalikuwepo, tena mazuri. Yalichukua miezi 18. Miezi 2 ya sindano za streptomaisini pamoja na vidonge, kisha vidonge kila siku mpaka mwaka mmoja na nusu utimie. Mvua zinakuja na kwenda, mashamba yanalimwa na kuvunwa, mizinga inapandishwa na kushushwa, na mgonjwa ambaye kikohozi chake kilikwisha tangu mwezi wa tatu anatakiwa aendelee kufuata dawa zahanati. Daktari aliyemlaumu kwa kuacha alikuwa hajaitembea ile njia.

Kwa nini miezi 18? Hapo ndipo tindikali inapoingia, na inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mrusi Ilya Metchnikoff alikuwa akitazama kwa darubini seli zinazomeza vitu vigeni mwilini. Alizilisha chembe za litmasi, ile rangi ya buluu inayogeuka nyekundu ikikutana na tindikali, na ndani ya seli akaziona zikigeuka nyekundu. Seli mlaji, ambayo leo tunaiita makrofeji, humfunga adui kwenye kifuko kidogo, kisha hukichachusha kifuko hicho. Kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake hushuka kadiri uchachu unavyopanda, damu iko kwenye 7.4. Kifuko kilichokomaa cha makrofeji hushuka mpaka karibu 5 au chini yake. Ni uchachu wa kukaribia mtindi. Ndani ya mtindi huo vimeng'enya vya kusaga protini hufanya kazi vizuri, na bakteria wengi huishia humo.

Bakteria wa TB hakuishia humo. Mwaka 1971, huko London, J. A. Armstrong na Philip D'Arcy Hart walionyesha kwamba bakteria huyu akimezwa akiwa hai huzuia kifuko chake kisiungane na vile vifuko vingine vinavyobeba vimeng'enya. (Hart aliishi hadi miaka 106. Mtu aliyeutumia uhai wake kuchunguza kiumbe kisichotaka kufa alikuwa na ukaidi wa namna yake.) Mwaka 1994 ikathibitishwa kwamba kifuko hicho kinakosa hata pampu za kuingizia tindikali, na pH yake hubaki juu ya 6. Yaani bakteria anakaa ndani ya tumbo la askari aliyetumwa kumuua, na ameufunga bomba.

Askari huyo anaweza kufunguliwa bomba, lakini kwa amri kutoka nje. Amri hiyo hutolewa hasa na seli T, kwa njia ya protini iitwayo intaferoni gama. Makrofeji ikiipokea, kifuko huanza kuchacha upya, na bakteria wengi hufa au hulala. Hawali sana, hawazaliani, wananyamaza. Na kwa kuwa dawa nyingi za TB huua bakteria anapokuwa na shughuli, akijenga ukuta au akijigawa, hawa walionyamaza hupona. Hao ndio waliokuwa wanadai miezi 18. Mgonjwa ameshanenepa, makohozi yake ni safi, ila kwenye kona chache zenye uchachu bado wapo wanaosubiri.

Kuna jambo jingine ambalo linanifanya nisiusifie uchachu moja kwa moja. Tindikali haibaki ndani ya vifuko. Mahali penye uvimbe, seli za kinga hurundikana kwa maelfu, huchoma sukari haraka kuliko hewa inavyowafikia, na mabaki yake ni tindikali ya laktiki, ileile inayoletwa na misuli iliyochoka. Seli zinazokufa huongeza yake. Tishu nzima inachacha. Na tishu iliyochacha hubadilisha tabia za seli zilizomo: nyutrofili, wale askari wa kwanza, huchelewa kufa kuliko kawaida yao, wakati seli T hupoteza kasi, huzaliana kidogo na kutoa amri chache. Jambo hili limechunguzwa zaidi kwenye saratani, ambako uvimbe hujizungushia uchachu na seli T zikifika pale hulegea. Lakini kanuni ni moja. Silaha ileile inayoua ndani ya kifuko, ikimwagika nje, inamlegeza yule anayetoa amri ya kuitumia.

Kwa hiyo kilichohitajika ni dawa ambayo ingefanya kazi yake humo humo penye uchachu. Ilikuwepo rafuni, na ilidharauliwa.

Pirazinamidi ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1936 bila mtu kujua ina kazi gani. Mwaka 1952, Marekani, ilijaribiwa dhidi ya TB kwa sababu inafanana na moja ya vitamini za kundi B, ambayo ilishaonekana kuwa na nguvu kidogo dhidi ya ugonjwa huo. Panya walipata nafuu kubwa, lakini chupani dawa haikuwa na nguvu. Mwaka 1954 Walsh McDermott na Ralph Tompsett wa New York waliuchachusha mchuzi, na fumbo likafunguka. Kwenye panya, pirazinamidi ikiunganishwa na isoniazidi ilisafisha viungo kiasi kwamba hakuna bakteria aliyeweza kuoteshwa tena. Ila kwa binadamu, dozi kubwa za wakati ule ziliumiza maini, na dawa ikawekwa pembeni, ya kutolewa pale zote zinaposhindwa.

Afrika Mashariki ilikuwa tayari na uzoefu wa kujaribu dawa. Tangu 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilishirikiana na madaktari wa huku, kukiwa na kituo cha utafiti wa kifua kikuu Nairobi, kutafuta mbadala wa PAS, unga mchungu, ghali, uliomezwa kwa magramu kila siku. Walipata thiasetazoni, iliyogharimu senti. Ni rahisi kuisoma historia hii kama ya wazungu kuja kujaribia dawa Waafrika, na ukiisoma hivyo hutakuwa umekosea kabisa: ofisi ya takwimu ilikuwa London, makohozi yalisafirishwa kwenda kuoteshwa London, na majina ya wagonjwa hayakuandikwa popote ambapo wewe na mimi tunaweza kuyaona. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la kwetu. Hospitali za London hazikuwa na mgonjwa wa kutembea siku mbili kufuata vidonge.

Upande wa maabara alikuwepo Denis Mitchison wa hospitali ya Hammersmith. Familia yake inastahili kuingiliwa kidogo. Mama yake, Naomi Mitchison, alikuwa mwandishi wa riwaya ambaye Wabakgatla wa Botswana walimfanya kuwa mama wa kabila lao. Mjomba wake, J. B. S. Haldane, aliwahi kunywa kloridi ya amonia ili aichachushe damu yake mwenyewe na kuona atapumuaje. Alihema kwa shida siku kadhaa, akaandika matokeo. Sidai kwamba uchachu hurithiwa.

Jaribio lenyewe, ambalo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972, lilikuwa rahisi kulieleza. Makundi 4 ya wagonjwa yalitibiwa kwa miezi 6 tu. Wote walipata sindano ya streptomaisini na isoniazidi kila siku. Kundi moja halikuongezewa kitu. La pili liliongezewa thiasetazoni, la tatu pirazinamidi, la nne rifampisini, dawa mpya kutoka Italia iliyokuwa ghali mno. Kundi la tano lilipata matibabu ya kawaida ya miezi 18, kwa ajili ya kulinganisha. Sindano kila siku kwa miezi 6 ni kama sindano 180. Ukitaka kujua mchango wa hao watu katika sayansi, anzia kwenye makalio yao.

Miezi 6 ilipokwisha, karibu kila mtu katika makundi yote alionekana amepona. Makohozi yalikuwa safi. Kama watafiti wangeishia hapo, wangeandika kwamba dawa zote ni sawa. Walisubiri. Waliopata streptomaisini na isoniazidi peke yake, ugonjwa uliwarudia 29 katika kila 100. Waliopewa thiasetazoni, 22. Waliopewa pirazinamidi, 8. Waliopewa rifampisini, 2 au 3, sawa na wale wa miezi 18.

Itazame ile 22 na ile 8. Thiasetazoni na pirazinamidi zote zilikuwa nyongeza juu ya dawa zilezile, kwa muda uleule. Kwenye makohozi ya mwezi wa sita hukuweza kuzitofautisha. Tofauti ilikuwa kwenye bakteria ambao hakuna aliyewaona, waliokaa penye uchachu, ambako moja iliwafikia na nyingine haikuwafikia. Maelezo ya Mitchison yalikuwa hayo hasa: bakteria wa TB mwilini si kundi moja, ni makundi yenye makazi na mwendo tofauti, na kila dawa ina kundi lake. Isoniazidi inawamaliza wenye pilikapilika, pirazinamidi inawafuata waliozubaa kwenye tindikali, na rifampisini inawapata wale wanaoamka kwa muda mfupi kisha wakalala tena.

Majaribio yaliyofuata hapa Afrika Mashariki, Hong Kong na Singapore yalionyesha kitu kinachothibitisha hadithi hii vizuri kuliko mchoro wowote: pirazinamidi inasaidia miezi 2 ya mwanzo, ikiendelea baada ya hapo haiongezi chochote cha maana. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba uvimbe unakuwa umeanza kutulia. Seli za kinga zinapungua, tishu inarudi kwenye hali yake, uchachu unayeyuka, na dawa inabaki bubu tena. Inafanya kazi wakati mwili bado una hasira. Ndiyo maana kidonge cha dawa 4 hugeuka kuwa cha dawa 2 baada ya mwezi wa pili, jambo ambalo wagonjwa wengi hudhani ni kwa sababu wamepata nafuu.

Jinsi uchachu unavyoiamsha dawa bado kunabishaniwa kwa undani wake. Maelezo yaliyozoeleka ni haya. Bakteria huimeza pirazinamidi, na kimeng'enya chake mwenyewe huigeuza kuwa tindikali ya pirazinoiki. Tindikali hiyo huvuja nje. Nje kukiwa hakuna uchachu, inabaki na chaji ya umeme inayoizuia kuvuka ukuta kurudi ndani. Nje kukiwa na uchachu, inaokota protoni, chaji inatoweka, nayo inapenya kurudi na kurundikana mpaka bakteria analemewa. Wapo wanaoona kwamba kuna shabaha nyingine ndani ya bakteria. Na majaribio kwenye wanyama yameonyesha kwamba katikati ya vidonda vikubwa, kwenye ule usaha mzito kama jibini ambako seli za kinga zimeshakufa zote, uchachu ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa, na dawa inadhoofika. Dawa inahitaji seli hai zinazochachusha. Haina ubia na maiti.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka huohuo Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa ushauri wa Karel Styblo, daktari Mcheki aliyewahi kuugua TB katika kambi ya mateso ya Wanazi. Katika miaka ya 1980 mpango huo uliingiza matibabu ya miezi 8: miezi 2 ya dawa 4, pirazinamidi ikiwemo, mgonjwa akiangaliwa akimeza, kisha miezi 6 ya isoniazidi na thiasetazoni. Miezi 2 ya uangalizi mkali ilikuwa kitu ambacho hospitali ya wilaya ingeweza kukisimamia. Mfumo huo ndio Shirika la Afya Duniani liliuchukua katika miaka ya 1990 na kuusambaza ulimwenguni kwa jina la DOTS. Watu wengi wanaoufundisha leo huko ng'ambo hawajui kwamba ulijaribiwa kwenye zahanati za Tanzania.

Kisha UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ukirudi kwenye ile amri ya kuchachusha kifuko utaona kwa nini TB ililipuka nyuma yake. Virusi vinaua seli T, yaani vinamuua mtoa amri. Makrofeji inabaki na bakteria tumboni na bomba limefungwa, ikingoja neno ambalo halitakuja. Thiasetazoni nayo ikageuka sumu kwa watu hao. Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi waliripoti ngozi zao kubabuka, wengine hadi kufa, na dawa ile ya senti ikaondolewa taratibu. Pirazinamidi ilibaki.

Rungwa ya leo ina miezi 6 badala ya 18, na hilo si dogo. Ila mahali pale pana kesi moja ambayo dawa hii haina jibu kwayo.

Bakteria wa TB ana ndugu anayeishi kwa ng'ombe, *Mycobacterium bovis*. Anahamia kwa binadamu hasa kupitia maziwa mabichi, na watafiti wa Tanzania, akiwemo Profesa Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikwisha kumtenga kutoka kwa wagonjwa wa jamii za wafugaji. Tangu 2006 mradi wa HALI, unaounganisha chuo hicho na Chuo Kikuu cha California, Davis, umekuwa ukifuatilia TB katika ikolojia ya Ruaha, na umeikuta kwa mifugo na kwa wanyamapori. Ruaha na Rungwa ni pori moja lililogawanywa kwa tangazo la serikali. Nyati hajui mpaka uko wapi, na ng'ombe wanaotafuta maji wakati wa kiangazi hawaujui pia.

Kwa *M. bovis*, herufi moja tu imebadilika katika jeni ya kile kimeng'enya kinachoigeuza pirazinamidi. Kimeng'enya hakifanyi kazi. Chachusha tishu utakavyo, dawa inaingia na kutoka kama ilivyoingia. Zinabaki dawa 3 kati ya 4, na ile inayokosekana ndiyo iliyofanya muda uwe mfupi. Wataalamu wanaojua wanamtibu *M. bovis* hupendekeza miezi 9.

Lakini zahanati haijui. Darubini inaona vijiti vyekundu tu, na vya ng'ombe na vya binadamu vinafanana. Hata mashine ya GeneXpert, inayosoma vinasaba kwa saa 2, hutambua ukoo wote kwa pamoja bila kutaja ni ndugu yupi. Ili kuwatofautisha inabidi sampuli ioteshwe kwa majuma na kupimwa kwenye maabara kubwa, na sampuli nyingi za TB ya maziwa hata si makohozi, ni tezi iliyovimba shingoni mwa mtoto. Mtoto huyo ataandikiwa TB, atapewa dawa 4, na baada ya miezi 6 kadi yake itafungwa.

Wafugaji wengi watakwambia maziwa yao hawanywi mabichi, wanayagandisha kwanza. Uchachu wa kibuyu unaua wadudu wengi, na imani hiyo ina msingi. Huyu huweza kukaa humo siku kadhaa akiwa hai. Maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa.